Daftari la yaya: kisa cha watoto watano walioshika nyumba huko Kadutu, Bukavu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika komini ya Kadutu, kati ya Septemba 2022 na Juni 2023. Jina la familia limeondolewa, na vilevile la avenyi (mtaa wao), la shule, la kituo cha afya na la chama cha mtaa kilichofuatilia. Umri wa watoto umebakizwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha nani alibeba nini. Bei zote ni za mwishoni mwa 2022, dola moja ikiwa faranga 2000 hivi.

Kimeandikwa kwa wahudumu wa jamii, wauguzi, walimu na wakuu wa nyumba kumi, kwani mara nyingi wao ndio wa kwanza kukuta nyumba inayoendeshwa na watoto. Anayeikuta nyumba ya namna hiyo hukimbilia kuwatua watoto mzigo. Ni haraka ya huruma, lakini hapa ilikaribia kuibomoa familia ambayo watoto walikuwa wameishikilia kwa miezi.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya mbao na mabati, chumba kimoja na kibaraza, kwenye mteremko ambako paa la jirani wa juu humwaga maji ya mvua mlangoni pa jirani wa chini. Bomba lenye maji ya uhakika liko bondeni. Kupandisha bidoni (dumu) ya lita 20 kutoka huko humchukua mtu mzima kama dakika 15. Kodi ilikuwa dola 15 kwa mwezi. Septemba 2022 familia ilidaiwa miezi mitatu, na garanti waliyoitoa walipoingia ilikuwa imeshaliwa na madeni ya nyuma.

Baba aliondoka mwanzoni mwa 2022 kwenda machimbo ya dhahabu. Alituma pesa kwa simu mara tatu, kisha namba yake ikawa haipatikani. Mama alikuwa mbeba mizigo: gunia la mihogo au la makala mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Alianza kukohoa mwezi wa Juni. Mwishoni mwa Agosti hakuweza kupanda mlima hata mikono mitupu.

Tangu hapo kazi zikagawanyika bila mkutano wowote. Msichana wa miaka 13, ambaye wadogo zake wote humwita yaya, yaani dada mkubwa, aliacha darasa la sita katikati ya Septemba, wiki ya pili tu baada ya shule kufunguliwa. Aliamka saa tisa na nusu usiku, akakaanga mandazi hadi saa kumi na mbili, kisha akayazungusha kwa beseni kichwani mpaka saa nne. Mchana alipika, alifua na kumwogesha mama. Mvulana wa miaka 11 alipandisha maji ya watu, bidoni sita kwa siku kwa faranga 200 kila moja, na mbili za nyumbani bila malipo. Alikuwa na kilo 26. Bidoni iliyojaa ina kilo 20.

Binti wa miaka 8 alimbeba kitindamimba mgongoni kuanzia asubuhi, na shuleni alikwenda zamu ya mchana, siku zile tu ambazo yaya aliwahi kurudi. Mvulana wa miaka 4 naye alikuwa na kazi. Alikaa kando ya mama, ili aite wengine kikohozi kikizidi. Ieleweke vizuri: kwa upendo wao na bila kujua, watoto walikuwa wamemweka mdogo wa miaka 4 mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba ile.

Daftari lilisema nini

Yaya alikuwa na daftari moja la shule. Kurasa za mbele zilikuwa za masomo hadi siku aliyoacha, na kurasa za nyuma, akiligeuza juu chini, zilikuwa za nyumba. Aliandika pesa iliyoingia, iliyotoka, na aliyechukua mandazi kwa deni. Hakuna mhudumu aliyeliona daftari hilo hadi Novemba, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama lipo. Tunaliweka hapa mwanzoni kwa kuwa mengine yote hayaeleweki bila hesabu yake.

Mandazi ya siku moja: unga wa ngano kilo 2 kwa 5000, mafuta nusu lita 2000, sukari 600, hamira 200, makala 700. Jumla 8500. Kilo 2 za unga na lita moja na ushei ya maji hutoa mandazi 105 ya gramu 30 hivi. Kwa faranga 100 kila moja ni 10500, faida 2000. Hiyo ni siku ambayo hakuna yaliyoungua wala kukopwa.

Kwa siku sita za kazi, faida ya mandazi na pesa ya maji vilifanya 19200. Chakula kilikuwa 2200 kwa siku, yaani 15400 kwa juma. Zilizobaki, 3800, zilikwenda kwa deni la butiki, sabuni na betri za tochi. Ukurasa wa kodi ulikuwa na alama tatu za msalaba, moja kwa kila mwezi.

Ili watu sita wale mara mbili kwa siku, kwa bei za Kadutu wakati ule, ilihitajika kama 3500: unga wa mahindi na mihogo kilo moja na nusu, sombe (majani ya mihogo) au lenga-lenga (mchicha), mafuta kidogo, chumvi, makala, na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) mara mbili kwa juma. Ukiongeza kodi, juma moja lilidai 31500. Pengo lilikuwa 12300 kila juma. Watoto waliliziba kwa kula mara moja kwa siku na kumkwepa mwenye nyumba.

Kisa kilivyojulikana

Mwishoni mwa Septemba mjitoleaji wa afya wa mtaa, ambaye watu humwita reko, alipita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia mkono. Kitindamimba, mwenye miezi 20, alikuwa na milimita 112. Chini ya 115 ni eneo jekundu, utapiamlo mkali. Alikuwa na kilo 7.4, miguu haikuvimba. Reko aliandika karatasi ya kumpeleka kituoni.

Aliyempeleka ni binti wa miaka 8. Akarudishwa: aje mama. Kesho yake akaenda yaya. Akarudishwa naye. Siku tatu zilipotea hadi reko alipokwenda mwenyewe. Swali la "mama yuko wapi?" liliulizwa kama karipio. Lingeulizwa kama swali la uchunguzi, kifua kikuu kingejulikana siku ile ile, kwa kuwa jibu la binti lilikuwa tayari: mama amelala, anakohoa.

Mama alikuwa na kikohozi cha miezi mitatu, jasho la usiku, na kilo 41. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert. Kifua kikuu kilionekana, na vijidudu havikuwa sugu kwa rifampisini, dawa mojawapo kuu ya ugonjwa huo. Matibabu, ambayo ni ya bure, yalianza mwanzoni mwa Oktoba: vidonge vitatu vya mchanganyiko wa dawa nne kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha mchanganyiko wa dawa mbili kwa miezi minne. Watoto wote watano walichunguzwa. Wawili walio chini ya miaka mitano, daktari alipohakikisha hawaugui, walianzishiwa dawa ya kinga.

Maamuzi ya kwanza na sababu zake

Katika juma moja, kikao cha chama, muuguzi na afisa wa masuala ya kijamii kiliamua mambo matatu. Yaya na mdogo wake wa miaka 11 warudi shuleni mara moja, wapewe sare ya bluu na nyeupe na madaftari kumi kila mmoja. Mvulana asibebe maji tena. Watoto wawili wadogo wahamishiwe kwa familia ya malezi ya muda mpaka mama apate nguvu.

Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzito. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure nchini Kongo tangu Septemba 2019, kwa hiyo karo haikuwa kizuizi. Mzigo wa kilo 20 kwa mtoto wa kilo 26, kamba ikivuta shingo, unaweza kuharibu mifupa inayokua. Chumba kimoja chenye mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dawa ni hatari kwa mtoto aliyedhoofika. Na sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Hakuna aliyekosea sheria wala utabibu.

Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: Jumatatu ijayo, faranga 2200 za chakula zitatoka wapi?

Wiki tatu za kuanguka

Utoaji wa dawa ndio uliotangulia kuharibika. Siku ya nne mkojo wa mama ulikuwa mwekundu wa machungwa. Ni rangi ya rifampisini, haina madhara. Muuguzi alikuwa amelieleza hilo, lakini alimweleza mama akiwa na homa kali, huku yaya, ambaye ndiye aliyetoa dawa nyumbani, ameambiwa asubiri nje. Yaya alidhani ni damu. Akasimamisha vidonge siku mbili. Aliporudishia, mama alitapika, kwa kuwa alimeza asubuhi tumboni hakukuwa na kitu tangu mchana wa jana yake.

Kisha paketi za siagi ya karanga ya tiba. Kitindamimba alipewa 21 kwa juma, tatu kwa siku. Ziliisha siku ya tano. Wiki mbili mfululizo mzani ulionyesha 7.4. Kituoni walishuku kwamba zinauzwa sokoni. Ukweli ulijulikana baadaye: mvulana wa miaka 4 alikuwa akizila, na yaya alizigawa kwa macho wazi, nusu kwa nusu, kwa sababu wote wawili walilia njaa. Mkono wa huyo wa miaka 4 ulipopimwa ulikuwa milimita 121, eneo la njano, utapiamlo wa wastani. Hakuna aliyekuwa ameupima.

Shule haikudumu juma la tatu. Sare ya mvulana iliuzwa, na madaftari kumi na mawili kati ya ishirini. Mvulana alirudia maji, lakini sasa usiku, ili reko asimwone. Akateleza kwenye ngazi za udongo, goti likapasuka. Katazo halikupunguza bidoni hata moja. Lilizihamishia gizani.

Habari ya familia ya malezi ilipofika nyumbani, yaya aliwapeleka wadogo wawili wakalale kwa rafiki wa mama, avenyi nyingine, na akaacha kumfungulia mlango mtu yeyote aliyebeba mkoba. Maneno yake kupitia mbao za mlango yaliandikwa kwenye faili: "Mama akipona, awakute watoto wake wote."

Maharagwe 24

Aliyefanikiwa kufunguliwa ni mama jirani, mjane anayekaanga mandazi na ambaye mama wa watoto anamwamini. Mwanzoni mwa Novemba mhudumu mmoja aliingia pamoja naye, bila fomu, akiwa na kilo ya maharagwe.

Zoezi ni rahisi na linafaa nyumba yoyote. Kila mtoto hupewa maharagwe 24, kila moja ni saa. Chini huwekwa sahani: usingizi, maji, mandazi, kupika na kufua, kumbeba mtoto, kumhudumia mama, shule, mchezo. Kila mmoja hugawa siku yake ya jana, siyo siku ya kawaida, maana ukisema siku ya kawaida watoto hutaja siku wanayoitamani. Chukua maharagwe mabichi ya kupikwa na uyaache pale. Ni chakula cha jioni.

Yaya aliweka matano kwenye usingizi, saba mandazi, matano kupika na kufua, manne kwa mama, mawili sokoni na kwenye maji. Lililobaki alilishika mkononi muda mrefu, kisha akasema hajui liende wapi. Binti wa miaka 8 aliweka tisa kwenye kumbeba mtoto. Mama alikuwa akitazama kutoka kwenye mkeka, na ndipo alipotaja mwenyewe kazi anazoweza kuzifanya akiwa ameketi: kuchambua mboga, kuhesabu vidonge, kumlisha kitindamimba akiwa ameketi mlangoni penye hewa. Kabla ya hapo kila mtu, wakiwemo wahudumu, alimhesabu kuwa mgonjwa tu.

Daftari lilitolewa siku hiyo. Na kanuni moja ikaandikwa kwenye ukurasa wake wa mwisho: hakuna kazi inayoondolewa kwa mtoto kabla ya kuandikwa nani anaichukua na pesa yake inatoka wapi.

Mpango wa pili, kwa mpangilio wake

Kodi ilitangulia, kwa sababu familia ikitolewa nje, dawa, shule na biashara vyote hutoka nayo. Mwenye nyumba alilipwa dola 20 mbele ya mkuu wa nyumba kumi, kwa karatasi iliyosainiwa. Dola 25 zilizobaki zilipangwa 5 kwa mwezi. Hata hapo kukatokea tatizo: noti ya kwanza ilikuwa na mpasuko mdogo kama punje ya mchele, na Bukavu noti ya dola iliyochanika haipokelewi. Mbadilisha pesa angeitwaa kwa 17. Chama kikaibadilisha. Anayetoa msaada kwa dola akague kila noti mbele ya mwanga kabla ya kuikabidhi, maana hasara humwangukia asiye na uwezo wa kubishana.

Msaada wa kila mwezi ulikuwa dola 45 kwa miezi mitano, Novemba hadi Machi: 15 za kodi, 5 za deni, na 25 za chakula, sawa na faranga 12500 kwa juma, mwezi ukihesabiwa majuma manne. Alikabidhiwa mama mkononi, yaya akiandika.

Kwenye mandazi mhudumu alipendekeza yauzwe jumla kwa butiki mbili, faranga 80 kila moja, ili yaya asizunguke. Yaya alipiga hesabu papo hapo: 105 mara 80 ni 8400, gharama 8500. Angekaanga kila siku ili apoteze 100. Pendekezo likabadilishwa. Gunia la unga la kilo 25 lilinunuliwa kwa 50000, nusu na chama, nusu na mjane, na kilo ikashuka kutoka 2500 hadi 2000. Gharama ya siku ikawa 7500. Butiki zikakubali 85, zikaingia 8925, faida 1425. Mjane alikaanga ya nyumba zote mbili kwenye moto wake kwa ujira wa 300 kwa siku. Yaya alipoteza sehemu ya faida, akapata kulala hadi saa kumi na moja alfajiri, kuhesabu, kupeleka, na kufika darasani.

Mvulana alikataa kuacha maji kabisa. Makubaliano yakawa Jumamosi tu, mchana, na ya nyumbani kwa bidoni ya lita 10. Kwa jumla juma liliingiza 20450 za chakula na sabuni, badala ya zile 15400 walizokuwa wakila zamani, na kodi ikiwa imelipwa pembeni.

Zamu za shule zilitatua jambo ambalo pesa isingelitatua. Yaya aliingia zamu ya asubuhi, binti wa miaka 8 na mvulana wakabaki zamu ya mchana, hivyo kitindamimba hakukosa mgongo wa mtu. Mkuu wa shule alihitaji barua moja tu ya chama.

Kuhusu afya: yaya alielezwa upya dawa, safari hii akiwa amekaa mbele ya muuguzi. Alichora kwenye daftari vidonge vitatu, jua la asubuhi, na kikombe cha mkojo mwekundu chenye neno "sawa". Mama akawa anakunywa uji mwepesi pamoja na dawa, kichefuchefu kikatulia. Mbao mbili za ukuta upande aliolala mama ziliondolewa, pakawekwa wavu ili hewa ipite. Mvulana wa miaka 4 aliondolewa zamu yake ya kulinda. Mama akapewa kijiko na kikombe cha bati cha kugonga akihitaji mtu. Stoki ya lishe ya nyongeza kwa watoto wa eneo la njano ilikuwa imeisha kituoni, kwa hiyo alinunuliwa unga wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, akawa na kikombe chake cha uji. Kitindamimba alimaliza paketi yake kwanza, ndipo uji wa wengine ukaipuliwa. Mpangilio huo wa dakika 20 ndio uliosogeza mzani.

Familia ya malezi iliachwa. Afisa wa masuala ya kijamii aliandika sababu kwenye faili: dawa ya mama ikimezwa kila siku hatari ya kuambukiza hushuka upesi, wadogo wako kwenye kinga, hewa inapita, na watoto watatoroka wakihamishwa. Akaweka tarehe ya kulitazama tena baada ya wiki nne.

Yaliyotokea njiani

Katika juma la tatu la mpango akafariki ndugu wa mama. Matanga yalidai mchango wa 10000, ukatoka kwenye mkebe wa unga ambamo 4000 ziliwekwa kila siku kwa gunia lijalo. Gunia likachelewa siku nane, unga ukanunuliwa kwa kilo, faida ikashuka. Kosa lilikuwa la mpango. Hakuna familia Bukavu inayokosa matanga, na bajeti isiyo na mstari wa matanga si ya kweli. Mkebe ukagawanywa viwili, wa pili ukaandikwa "mambo ya watu", 200 kwa siku.

Desemba makohozi ya mama yalikuwa safi. Januari akashika kikaango mwenyewe. Butiki moja ikakataa mandazi yake ilipojua ugonjwa wake. Muuguzi alikwenda akaeleza kwamba kifua kikuu husafiri kwa hewa, hakipiti kwenye chakula, na kwamba aliyetibiwa hadi makohozi yakawa safi haambukizi. Ilichukua wiki mbili, kisha wakapokea tena.

Januari hiyo hiyo mvulana akaondoka. Hakwenda mbali: asubuhi na mchana alikuwa akibeba mchanga wa ujenzi pamoja na wenzake, na usiku mara nyingine hakurudi. Wakati mama yu hoi, yeye alikuwa baba wa nyumba. Wakubwa walimwita hivyo, na alijiona hivyo. Mpango ulimpa yaya daftari, mama kikaango, binti shule. Yeye ulimpa makatazo na bidoni ndogo. Alirudi Februari, baada ya mama kumkabidhi kadi ya matibabu na jukumu la kumsindikiza kituoni kila baada ya wiki mbili, akihesabu vidonge mbele ya muuguzi. Jukumu hilo lingepaswa kuwa lake tangu Novemba.

Hali ilivyokuwa Juni 2023

Mkono wa kitindamimba ulifikisha milimita 126 kisha 127 katika ziara mbili zilizofuatana, naye akatolewa kwenye tiba baada ya wiki kumi na moja za mpango wa pili. Mama alimaliza dawa Aprili akiwa na kilo 48. Hakurudia kubeba mizigo. Yaya, aliyekosa shule karibu miezi miwili, alipata masomo ya Jumamosi kwa mwalimu wake, akafanya mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la sita, akafaulu. Mvulana alikuwa akirudia darasa la nne na akikosa siku moja au mbili kila juma. Gharama yote ya chama, ukiondoa sare na madaftari ya mwanzo, haikufika dola 260.

Uchambuzi

Maamuzi ya kwanza na ya pili yalilenga jambo lile lile: watoto shuleni, mgongo usiobeba kilo 20, mtoto asiyeambukizwa. Tofauti ni mpangilio. Mara ya kwanza kazi ziliondolewa, pengo la 12300 likaachwa lilivyo, na watoto wakauza walichopewa ili walizibe. Kuuza sare kuliandikwa kituoni kama utovu wa shukrani. Kwenye daftari kuliandikwa "kodi, 6000".

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kumwacha nje ya mlango anayetoa dawa. Siku mbili bila vidonge hazikuleta usugu hapa, lakini hilo halikuwa kwa uangalifu wa mtu yeyote. Mtoto hapaswi kuwa msimamizi wa tiba ya mzazi wake, hilo ni kweli. Lakini akiwa ndiye, mpaka siku atakapopatikana mwingine, aelezwe kama msimamizi.

Kupima mtoto mmoja tu kati ya walio chini ya miaka mitano ni kosa la dakika mbili lililogharimu wiki tatu. Paketi za tiba zikiisha mapema, pima kwanza ndugu zake kabla ya kushuku soko.

Bidoni ya Jumamosi bado inatusumbua. Wapo waliosema ni kuhalalisha kazi ya mtoto. Hoja yao ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini mvulana aliyekatazwa yote alibeba yote, usiku. Kama tungeanza upya tungempa kadi ya mama kwanza, kisha tungezungumza juu ya maji.

Halafu kuna jambo ambalo mpango haukuligusa. Kodi hutajwa kwa dola, mandazi huuzwa kwa faranga. Kufikia Juni dola 15 zilikuwa zimepita faranga 35000, na andazi bado lilikuwa 100 kwa sababu mnunuzi hakuwa na 120. Na elimu ya bure ilikuwa ikiishia darasa la sita. Shule iliyo karibu ilitaka dola 35 za awamu ya kwanza ya darasa la saba. Kwenye daftari, chini ya kichwa "la saba", yaya alikuwa ameweka faranga 11000 tangu Aprili. Chama kiliamua faili lisifungwe kabla ya Oktoba 2023.